Waliomlilia Nuria

Kwamba binti yake atakufa kwenye filamu, Kudra alikuwa anajua. Hamidu, mwenye filamu, alimweleza tangu siku ya kwanza alipofika nyumbani kwao Kwa Mathias, akakalia ndoo kwa kukosa kiti. Kwenye hadithi, mama yuko Uarabuni anatafuta maisha, baba ni mlevi, mtoto anaugua. Mama anarudi, mtoto keshafumba macho. "Anafumba macho tu, shem, halafu tunakata," Hamidu alisema. Nuria alikuwa na miaka saba, mcheshi, haoni haya mbele ya watu. Kudra akakubali. Mtoto alikataa kuitika jina jingine lolote, hivyo hata kwenye filamu akabaki Nuria, na filamu yenyewe ikaitwa Nuria Wangu.

Asichoambiwa Kudra ni kwamba mtoto atavishwa sanda.

Alikuja kuyaona hayo Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa harusi Maili Moja, watu wamejaa mpaka madirishani. Walianza kulia tangu mtoto wa kwenye filamu alipomwandikia mama yake barua kwa mkaa ukutani. Alipofumba macho, wanawake wa safu ya mbele walipiga yowe. Kudra naye alikuwa amejiandaa kwa hapo. Alimkumbatia Nuria aliyekuwa mapajani pake akinyonya juisi, akangoja picha iishe.

Picha haikuisha. Kwenye kile kitambaa kikubwa kilichotundikwa ukutani kikatokea chumba, na mkekani amelazwa Nuria, amezungushiwa bafta nyeupe mpaka kifuani. Pamba puani. Kidevu kimefungwa kitambaa. Mikono ya mtu asiyeonekana ikashika ncha ya sanda na kumfunika uso.

"Mama, ndiyo mimi hapo," Nuria alisema kwa furaha.

Wanawake wa mbele waligeuka. Walimtazama mtoto, wakaitazama picha, wakamtazama tena mtoto. Mmoja alinyoosha mkono kumgusa shavu, akaurudisha kabla haujafika. Kwenye picha jeneza lilikuwa linapita kwenye njia ya shambani, na Kudra akayatambua mashamba. Ile ilikuwa mikorosho ya mama mkwe wake, Maneromango.

"Faraji, nini hii?" aliuliza.

Mumewe hakugeuka. "Si filamu, mama Nuria."

"Nakuuliza, nini hii?"

"Tutaongea nyumbani."

Nyumbani waliongea wamesimama. Siku ya kupiga picha za mazishi Kudra alikuwa zamu kwenye kiwanda cha maji ya chupa, na mama yake Faraji alikuwa amekwenda msibani Marumbo. Hamidu aliomba shamba kwa saa chache. Faraji alijua Kudra angekataa, ndiyo maana hakumwambia. Na chumba cha pili kilikuwa hakijaezekwa, na Hamidu alikuwa na hela mkononi. Faraji alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole asiyeweza kumkatalia mtu aliyesimama mbele yake. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake maisha yote.

"Na kaburi walichimba?"

"Fupi tu."

"Wakafukia nini?"

"Mgomba."

"Mgomba mtupu?"

Faraji aliangalia bati jipya. "Waliuvisha ile sanda. Ili ionekane kweli."

"Wameufukua?"

"Hamidu alisema atatuma vijana."

Kudra alikaa kitandani. Jua la nje lilikuwa linachoma kama kawaida.

* * *

Filamu ilipendwa. Kiwandani wanawake walisimulia habari zake huku wakibandika lebo, wakalia upya. Msimamizi, mwanaume mzima, alikiri aliikatisha njiani akatoka nje kuvuta pumzi. Walimpongeza Kudra, lakini kwa namna ya ajabu: walimshika mkono kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, wakimwambia, "Pole sana, mama Nuria." Aliwajibu, "Ahsante," na kila alipoitikia alihisi amekubali jambo.

Shuleni, mwalimu Stellamaris alimwita pembeni. "Wenzake hawataki kukaa naye dawati moja. Wanasema ananuka udi."

"Udi? Sisi nyumbani hatuchomi udi, mwalimu."

"Najua. Ni utoto. Lakini mpumzishe wiki hii, mambo yapoe."

Kudra alimshika Nuria mkono, wakapita katikati ya uwanja. Watoto waliokuwa wanacheza rede walipisha njia pana kuliko inavyohitajika kwa watu wawili. Walipofika nje ya geti aliinama akamnusa mtoto kichwani. Sabuni na jasho. Alinusa tena, apate hakika, na akajichukia kwa kunusa.

Faraja aliipata pasipotarajiwa. Redio ya jirani ilikuwa na kipindi cha filamu kilichoendeshwa na mtu aitwaye Telesphory, na jioni moja akaigeukia Nuria Wangu.

"Hii filamu inakukamua machozi kama mtu anayekamua ndimu iliyokauka," alisema. "Kinanda hakinyamazi, kila mtu anapiga magoti. Mtoto ana kipaji, siwezi kumnyima haki yake. Lakini kwenye tukio la sanda, tazameni vizuri. Kifua kinapanda, kinashuka. Maiti inapumua! Hivi wanatuona sisi watoto?"

"Roho mbaya tu!" jirani alifoka, akazima redio. "Mtu gani huyo hana hata huruma?"

Kudra aliacha sufuria kwenye povu, akaenda kuchukua simu ya Faraji. Aliitafuta sehemu ile, akaisogeza picha karibu na macho. Ni kweli. Chini ya bafta, kifua cha mwanawe kilikuwa kinapanda, kinashuka, taratibu, kama mtoto yeyote aliyelala. Watu wote waliolia hawakuona. Aliyeona ni yule mmoja aliyechukizwa. Kudra aliirudia sehemu hiyo mara nyingi, akiwa na haya kama mtu anayefanya jambo la siri, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akaweza kula ugali ukapita kooni.

Haikudumu. Kuna mtu alikikata kipande cha mazishi, akaweka mshumaa unaowaka pembeni na maandishi: Pumzika Nuria, malaika wetu. Hakuandika kwamba ni filamu. Kipande kile kikaanza kusafiri kwenye makundi ya simu, na watu wanaotuma hawaulizi.

* * *

Kudra alikuwa anafagia uwanja asubuhi alipomwona Bi Mwanne, mama mkwe wake, amesimama kando ya kamba ya nguo. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini. Kutoka Maneromango alipanda pikipiki hadi Mzenga, akapata lori la mkaa hadi Mlandizi, akamalizia kwa basi, na safari yote hakuwa na hata kifurushi mkononi. Bi Mwanne hajawahi kuja bila kisamvu au mihogo.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanne hakuitikia. "Nionyesheni mlipomlaza."

"Nani, mama?"

"Mjukuu wangu. Hata kama mmeshazika bila mimi, nionyesheni mahali."

Nuria akatokea mlangoni, mdomo umejaa povu la dawa ya meno. "Shikamoo, bibi!"

Bi Mwanne alirudi nyuma. Alirudi kweli, mkono mmoja umekamata nguzo ya kamba, macho yamemtoka, na midomo yake ikaanza kusoma kitu kisichosikika. Ikabidi Kudra amchukue mtoto, amsogeze mbele kama mtu anayekabidhi mzigo, mpaka vidole vya bibi vikagusa utosi, shingo, mgongo. Hapo ndipo yule mama alipokaa chini palepale kwenye takataka zilizofagiliwa.

"Uwanja wangu umejaa watu waliopata habari kwenye simu," alisema. "Wameleta unga, wameleta mchele, mikeka imetandikwa. Bi Saburi kalia mpaka sauti imekauka. Na mtoto anapiga mswaki."

Faraji alitoka ndani akiwa na shati mkononi. Alieleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, na kila alipotamka neno filamu mama yake aliinua mkono kumzuia kama mtu anayefukuza nzi. Alipofika kwenye kaburi, mkono ule ukabaki hewani.

"Lile tuta kwenye mikorosho?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani vijana wamefukia mbwa. Nimelipita siku zote hizo nikienda kuchuma kisamvu." Alimgeukia Kudra. "Na wewe ulijua?"

"Wallahi, mama, nilijulia ukumbini na watu wengine."

"Mtoto kavishwa sanda. Kafungwa kidevu. Katajwa jina lake mwenyewe, kafukiwa kwenye ardhi ya babu yake." Bi Mwanne alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililomtisha Kudra. "Faraji, ardhi haijui filamu."

* * *

Homa ilianza siku ileile adhuhuri. Nuria alikataa wali, akasema kichwa kinagonga, akajilaza sakafuni penye ubaridi. Faraji alikuwa ameshakwenda kazini. Simu yake iliita bila kupokelewa, maana mashine ya kuchomelea haisikilizi simu. Kudra alimpangusa mtoto kwa kitambaa cha maji. Alasiri, mkono wa Nuria ulicheza peke yake. Kisha macho yakageuka, weupe ukabaki mtupu, na mwili wote ukakakamaa na kutetemeka.

"Degedege," Bi Mwanne alisema, na uso wake ukawa wa majivu.

Kudra alikuwa ameshamwinua mtoto begani.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Mama Nuria, nakusihi. Degedege halichomwi sindano. Likichomwa sindano mtoto haamki. Nimeyaona kwa macho yangu. Kwanza lile kaburi. Twende tukalifukue, ndipo..."

"Maneromango, mama? Atafika?"

Walisimama wanatazamana, mtoto anatetemeka katikati yao, meno yanagongana. Ingekuwa rahisi kama Kudra angekuwa haamini hata neno moja. Lakini alikuwa mtoto wa Kisarawe yeye pia. Maneno yale aliyanyonya kwenye maziwa. Akilini alimwona Nuria na pamba puani. Aliiona sindano. Hakujua kipi kati ya hivyo kinaua, na miguu yake ikakimbia kabla kichwa hakijaamua.

Dereva wa bajaji alimtazama mtoto kwenye kioo. "Dada, si yule wa..."

"Endesha!"

Mapokezi, muuguzi aliyevaa kitambulisho kilichoandikwa Laurensia alimpokea mtoto, akamlaza ubavu juu ya kitanda cha magurudumu. "Jina?"

"Nuria Faraji."

Kwenye benchi la wagonjwa minong'ono ilipita kama upepo kwenye majani ya mhindi. Ndiye. Si alikufa? Ndiye, nimemwona kwenye simu. Mwanamke mmoja mwenye kichanga aliinuka, akamfunika mwanawe uso kwa upande wa kanga, akahamia benchi la mbali.

"Mama, kaa ulipokuwa, hiki si kioja," Laurensia alisema bila kuinua macho. Alitoboa kidole cha mtoto, akatazama kipimo. "Malaria, na imepanda kichwani. Umefanya vizuri kuwahi. Tunampa sindano sasa hivi."

Kudra alifungua mdomo. Alitaka kusema ngojeni kidogo. Ngojeni nini, hakujua. Akaiona sindano inaingia, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akawa anamtazama Nuria kope, akisubiri zitikisike. Hazikutikisika. Mtetemeko ulikuwa umekoma na mtoto ametulia, ametulia vilevile kama kule ukumbini, na safari hii Kudra hakuweza kujiamini kutazama kifua.

Muda ulipita, na Kudra alipokuja kuusimulia baadaye hakuweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Faraji alifika na vumbi la chuma usoni, akasimama miguuni pa kitanda, asithubutu kusogea. Nje ya dirisha alikuwa amesimama Bi Mwanne, tasbihi mkononi, hataki kuingia. Magharibi inakaribia, Nuria akalamba midomo.

"Maji," alisema. Halafu, kwa kununa, "Nani kaniwekea dude hili mkononi?"

Faraji alitoka nje kumweleza mama yake. Kudra alimwona kupitia dirishani yule bibi akiuliza kitu, Faraji akiitikia kwa kichwa, na bibi akiinamia ukuta na kuuegemeza paji la uso.

* * *

Hamidu alikuja kesho yake na mfuko wa machungwa, amevaa miwani ya jua. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake. Machozi yalimlenga alipoona dripu. Lakini hakukaa nayo sana.

"Shem, mashabiki wamecharuka. Wanatukana, wanasema mtoto hawezi kufa kizembe vile. Wanataka sehemu ya pili. Sasa nimefikiria hivi: kumbe Nuria alizimia tu! Mama anasikia sauti usiku, anakwenda, mtoto anafukuliwa yuko hai." Alishatoa simu. "Hapa naomba kavideo kafupi tu. Yuko kitandani, anapunga mkono. Watu wafurahi."

"Labda si vibaya," Faraji alisema chinichini. "Ili wajue yuko hai."

Kudra aliweka kiganja juu ya jicho la simu na kulifunika. Alimtazama mumewe, na Faraji akaangalia sakafu.

Bi Mwanne, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekubali kukaa kwenye kiti kando ya kitanda, aliinuka.

"Wewe ndiye uliyemzika mjukuu wangu?"

"Shikamoo, bibi."

"Umesema anafukuliwa."

"Ni hadithi tu, bibi, kwenye sehemu ya..."

"Basi twende ukamfukue."

Hamidu alicheka. Aliangalia huku na huku akitafuta mwenzake wa kucheka naye, hakumpata.

* * *

Walikwenda siku Nuria aliporuhusiwa na kupata nguvu za kusafiri, kwenye gari la Hamidu, na barabara ya Maneromango ikawatikisa mpaka machungwa yaliyobaki yakamwagika chini ya viti. Watu walikuwa wanawangoja. Walikuwa walewale waliotandika mikeka, wanaume upande huu, wanawake ule. Mtoto aliposhuka, hakuna aliyesogea. Bi Saburi, jirani na shoga wa miaka yote wa Bi Mwanne, aliyelia mpaka sauti ikakauka, alijificha nusu nyuma ya mwenzake.

Hamidu alipewa jembe. Miwani aliivua mwenyewe. Udongo ulikuwa laini, haukumchelewesha. Jembe lilipotoa sauti ya kugonga kitu kisicho udongo aliruka kando kama aliyeng'atwa. Ncha ya bafta ilionekana, rangi ya kahawia, imelowa.

"Mimi hapa naishia, shem," alisema, kijasho kinamtiririka. "Si kwamba naogopa. Sijisikii vizuri."

Faraji alichukua jembe, akamaliza kuufukua ule urefu wote. Ulikuwa urefu wa mtoto. Walikuwa wameukata kwa kipimo chake. Faraji alipouona umelala pale akaangusha jembe, akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima mbele ya watu wa kwao, akisema, "Mama Nuria, nisamehe, nisamehe," na hakuna aliyemwendea.

Kitu kile kikabaki kimelala na watu wamekizunguka. Kudra alielewa kwamba hakuna mwingine wa kukifunua.

Alishuka. Alijua ni mgomba. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini kupitia bafta kile kitu kilikuwa baridi na laini, kinabonyea, na mikono yake ikakataa kushika. Aligeuza kichwa kumtafuta Nuria, akamwona mapajani pa bibi yake, anachezea tasbihi. Akageukia shimo, kukawa na kijisauti kinachomuuliza, je, yule ni nani na huyu ni nani? Akashika ncha ya sanda, akafumba macho, akavuta.

Harufu ilikuwa ya togwa iliyooza. Alifumbua. Maganda yaliyooza yalikuwa yanaachana moja moja, maji meusi yanatoka, funza weupe wanakimbia mwanga. Akakichana kitambaa chote kuanzia juu hadi chini, akaupasua mgomba kwa vidole mpaka moyoni, awaoneshe, ajioneshe.

"Mgomba," Bi Saburi alisema, kama anayeuliza.

"Mgomba," Kudra alisema.

Wanaume walisawazisha tuta. Bafta ilichomwa, haikutaka kushika moto, ikafuka moshi mwingi. Bi Mwanne alitaka kurudisha unga na mchele wa watu. Walikataa, wakasema kitu cha rambirambi hakirudi mlangoni kilikotoka. Basi ukapikwa wali, ukapakuliwa kwenye sinia, na Bi Mwanne akamkalisha Nuria katikati ya wanawake waliomlilia, ale nao mkono kwa mkono. Walikula kwa kuchukua kutoka pembezoni, matonge madogo, wakiangalia vidole vya mtoto vinapogusa. Bi Saburi hakukaa. Alisimama na leso yake, na hatimaye swali ambalo kila mtu alikuwa nalo, na ambalo Kudra mwenyewe hakuthubutu kuliuliza, likamtoka.

"Mwanangu, walipokufunika ile sanda... kule ndani ulikuwa unaona nini?"

Mikono ilisimama kwenye sinia.

Nuria alifikiri, akitafuna. "Sikuona kitu. Nilibanwa mkojo."

Akameza.

"Nikamwita mama. Baba akasema mama yupo kazini, na nikikojoa watarudia tena mwanzo. Nikajikaza." Alichukua mnofu. "Lakini nilikojoa kidogo. Msimwambie Hamidu."

Aliyeanza kucheka hakujulikana. Kicheko kilizunguka sinia nzima, kikavuka mpaka kwa wanaume, kikawa kikubwa kuliko neno lenyewe, wengine wanajifuta macho. Faraji hakucheka. Kudra naye hakucheka; alimvuta mwanawe mpaka ubavu ukagusana na ubavu, akabaki hivyo, na mkono wake bado unanuka uozo wa mgomba ingawa aliunawa.

Bi Saburi alijifunga leso kiunoni, akapiga goti kwa taabu.

"Sogea huko, mwanangu," alimwambia Nuria, "nami nipate pa kukaa."